Kinu cha Bibi Zaina na Programu Nyeupe

Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na wazee wenye mvi na kisukari. Mimi nina miaka kumi na saba, sina mvi, na kisukari ninachokijua ni cha prof wetu wa fizikia, ambaye anakula mikate ya kukaanga kwa siri nyuma ya mlango wa darasa akidhani harufu ya mafuta haipiti ukutani. Lakini Jumamosi iliyopita, kwenye harusi ya binamu yangu huko Bel-Air, nilimwona Ramazani kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka miwili. Alikuwa amesimama nyuma ya meza ya muziki, katikati ya spika mbili ndefu kuliko yeye, shati limepigwa pasi hadi lingeweza kukata nyanya. Hakunisalimia. Mimi pia sikumsalimia. Tulitazamana kama mbwa wa malupango mawili jirani, nyua mbili za mtaa mmoja, kila mmoja nyuma ya uzio wake. Kisha akaweka wimbo, na ukumbi mzima, watu wenye heshima zao na suti za kukodisha, wakaanza kuruka na kupiga kelele maneno mawili. Maneno hayo niliambiwa mimi, ana kwa ana, mbele ya kinu cha sombe, yaani majani ya muhogo, nikiwa na miaka kumi na mitano. Ndiyo maana naandika. Wazazi wangu ni wazima, hawahusiki na jambo hili, tuwaache waangalie televisheni yao.

Mwaka ule nilikuwa darasa la nne la sekondari na kazi yangu halisi ilikuwa kuchekesha. Masomo yalikuwa kazi ya ziada. Rama alikaa nami benchi moja kwa sababu hakuna mwingine aliyenitaka karibu. Alikuwa mtu wa kuongea polepole. Alitoa neno moja, ukaenda kunywa maji bombani, ukarudi, akatoa la pili. Nilimwiga vizuri sana. Siku moja prof wa Kifaransa aliita majina akiwa ameinamisha kichwa, nikamjibia Rama kwa sauti ya Rama, na Rama aliyekuwepo akawekwa alama ya kuwepo na mimi niliyekuwepo, jina langu likanipita nikicheka, nikawekwa alama ya kutokuwepo. Rama hakukasirika. Hilo ndilo jambo lililonichosha kwake tangu mwanzo: ukimpiga mzaha, unaingia ndani yake kama jiwe kwenye kisima, unangoja usikie mlio, husikii.

Kilichotuunganisha ni muziki wa kutengeneza kwa mashine, ule usiohitaji gitaa wala baba mwenye gitaa. Tulianzia kwenye simu yake. Ukiweka ngoma nne simu inapata moto, ukiweka ya tano inazima na kukuacha unajitazama kwenye kioo cheusi. Mwezi wa tisa dada yangu mkubwa, Yaya Carine, alikwenda kufanya stage, mafunzo ya kazi, mjini Likasi, akaniachia kompyuta yake ya mapajani kwa masharti mengi kuliko ya kanisa letu. Nyumbani kwetu Katuba umeme ulikuwa unakuja kama mgeni wa serikali, yaani unatangazwa na haufiki. Kwa hiyo kompyuta ikahamia kwa Rama, katika Kenya (simaanishi nchi, namaanisha commune, kata moja ya mji wetu, yenye kelele kuliko nchi yoyote), kwa sababu baba yake mdogo, fundi Shabani, alikuwa na atelier ya kushona mbele ya lupango, na atelier ilikuwa na jenereta.

Chumba cha Rama kilikuwa nyuma ya atelier hiyo. Godoro lilisimamishwa ukutani mchana, kulikuwa na furushi la vipande vya vitambaa, boksi la zipu, na kiti cha plastiki chenye miguu mitatu na tofali. Kupitia ukuta tulisikia vyerehani na wateja, ambao kama sisi sote walisema njo badala ya ndiyo. "Shabani, hii robe umeshona ya nani, ya miye ama ya mutoto yangu?" "Mama, kitambaa njo ulileta kidogo." "Kitambaa haikukuwa kidogo, njo miye uliona mukubwa!" Mpaka leo nikisikia cherehani natazama kama kuna mtu wa kumtukana. Saa saba mchana bibi yake Rama, Bibi Zaina, mwanamke mdogo kama mtoto wa shule ya msingi, familia yao ilitoka mkoa wa Maniema zamani, alitwanga sombe uani na baadaye akatuletea sahani moja ya bukari (ugali wetu), sombe na samaki wa barafu tunaomwita thomson. Kichwa cha samaki alikigeuzia upande wangu. Rama alisema bibi yake ananipenda. Mimi nilisema bibi yake haoni vizuri.

Sasa programu. Mtu asiyejua anadhani ukishapata kompyuta umepata muziki. Hapana. Lazima uchague programu, na kuchagua programu ni kama kuchagua kanisa: ukishaingia moja, wa makanisa mengine wote wamepotea. Rama alitaka ile ya kijivu iliyotumiwa na kila mtu Kenya. Aliipata kwa Docteur, mtu mwenye kibanda karibu na soko, anayetengeneza simu, anayeingiza filamu kwenye flash, na anayevaa blouse nyeupe ya hospitali yenye matundu ya kuungua. Programu hiyo ilikuwa ya zamani, vitufe vyake vilionekana kama vya jiko la bibi, na ilikuwa kopi ya kopi ya kopi. Lakini ilifunguka, ilifungika, na ilifunguka tena. Mimi nilitaka nyeupe. Niliiona kwenye video: kijana msafi, chumba cheupe, headphone nyeupe, hana hata mbu mmoja. Niliishusha kwa siku tatu kwa connexion ya intaneti ya ofisi ya mjomba, nikaiweka kwenye kompyuta, na ilipoanza ikatoa maandishi marefu ya Kiingereza. Nikabonyeza kitufe cha kulia. Kila mtu darasani aliamini kwamba najua Kiingereza kwa sababu niliwahi kufika Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara mbili.

Tuliamua kwa mashindano. Rama alirekodi kwa simu mlio wa Bibi akitwanga, halafu kila mmoja akautia kwenye programu yake, na siku ya Jumamosi asubuhi tukaita vijana wanne wa darasa letu wawe waamuzi. Programu ya kijivu iliuchukua mlio wa kinu ulivyo. Programu nyeupe iliunyoosha yenyewe: kila pigo likakaa kwenye mstari wake, pa, pa, pa, pa, kama wanajeshi wanaopita mbele ya gavana. Vijana wakaanza kutikisa vichwa. Rama akainua mkono kama yuko darasani.

"Hii... inanyoosha. Bibi hatwangake vile."

"Anatwangaka namna gani?" nikamuuliza.

"Anapiga. Anangojea kidogo. Anapiga. Ule kungojea... njo muziki yenyewe."

Alikuwa sahihi. Nilijua palepale kwamba yuko sahihi, masikio yangu si mabovu. Lakini waamuzi walikuwa wanne na walikuwa wananitazama mimi. Nikapanda juu ya kiti cha miguu mitatu, nikashika ufagio kama mtwangio, nikasema kwa sauti yake: "Ana... pi... ga. Ana... ngo... jea. Munaweza kwenda kuoga. Mukirudi... atapiga." Walianguka kwa kicheko. Mmoja alilalia boksi la zipu akalipasua. Kura zilikuwa nne kwa sifuri. Rama aliokota zipu moja moja, akazirudisha, akasema, "Sawa. Tuchukue nyeupe." Mimi nilitoka nje nikiwa nimeshinda, na ushindi ule niliutembeza mtaani siku nzima kama simu mpya.

Ni baada ya hapo aliponiambia kwa nini alikuwa na haraka, yeye asiyekuwa na haraka na kitu chochote. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi ya atelier. "Bibi eko naisha," alisema. "Usiku anakohoa mpaka kuche. Kuko wimbo yenye anaimbaka akitwanga, hakuna mwingine anaijua, mama zake balikufa nayo. Minataka ibakie." Nikamwambia basi tumrekodi kesho, kwa maikrofoni, micro ya kweli, moja kwa moja kwenye programu.

Bibi Zaina alikubali baada ya kuuliza maswali kama mpelelezi. "Mutaniweka wapi humo ndani?" "Mu machine, Bibi." "Nitapumua?" "Utapumua, Bibi." "Na nikiisha kufa, mutanitosha ama mutaniacha?" Rama akamwambia atabaki, hakuna atakayemtoa, aliapa kwa mkono kifuani. Tukaweka micro juu ya debe karibu na kinu. Akaanza. Sina maneno ya kueleza wimbo ule na sitajaribu. Ulikuwa mfupi, ulikuwa unapanda halafu unajificha nyuma ya mtwangio. Na mimi, ambaye ukimya ukizidi dakika moja naanza kuwashwa, nikamnong'oneza Rama kwamba bibi yake akitwanga zaidi ya hapo tutafika Zambia kwa chini ya ardhi. Nikacheka mzaha wangu mwenyewe. Kinu kikasimama. "We Mechak, nyamaza kwanza!" alisema, na alielekeza mtwangio kwangu kama bunduki. "Unaongeaka kama redio yenye kukosa muntu wa kuizima." Halafu akaendelea mahali palepale alipoachia, kama mtu aliyefukuza kuku. Tulirekodi alasiri ile yote, na zile za kesho yake, na za kesho kutwa.

Kabla ya hapo, katika wiki ya kwanza baada ya zile kura, lilikuwa limetokea jambo moja ambalo Rama hakulijua. Nilikuwa nimetengeneza ngoma ndogo ya kujaribu nikiwa peke yangu, nikaihifadhi, nikafunga programu, nikaifungua tena. Maandishi ya Kiingereza yakarudi, na safari hii hayakuwa na kitufe cha kulia cha kuniokoa. Sijui Kiingereza, lakini neno la kununua nalijua, lipo kwenye kila ukuta wa Kasumbalesa. Ilikuwa programu ya kujaribia. Inakuruhusu kufanya kila kitu, inakuruhusu hata kuhifadhi, lakini ukishafunga kazi yako haikufungulii tena mpaka ulipe. Mtu mwenye akili angekwenda kusema, mon vieux, tumekosea, turudi kwenye ya kijivu. Mimi nilifikiria zile kura nne, na kile kiti, na ufagio. Nikamwambia Rama kwamba wataalamu wa Ulaya hawafungi programu kabla kazi haijaisha. "Juu ya nini?" akauliza. "Juu inapoteza moto. Ni kama bukari. Ukitosha ku moto ya mbabula mbele ya kuiva, hairudiake." Aliniamini. Akaandika kwenye karatasi, USIFUNGE, kwa herufi kubwa, akaibandika juu ya kompyuta, na hata fundi Shabani akaamriwa kutoigusa.

Kwa hiyo tukaanza kuilea kompyuta ile kama mtoto njiti. Betri yake haikufika saa moja na nusu. Jenereta ikizimwa Rama alihamia kwa jirani mwenye umeme, akiibeba ikiwa wazi, mikono miwili, kama mtu anayepeleka sahani ya wageni. Siku moja jenereta iliharibika na mtaa mzima ulikuwa gizani, tukaibeba mpaka kwa Docteur, mwenye betri za sola. Tulipita katikati ya soko, mimi mbele nikipiga kelele, "Mutupishe, mugonjwa! Mugonjwa anapita!" na mama wauza ndakala, wale dagaa wadogo, wakatupisha kweli, mmoja akauliza amepatwa na nini. Docteur aliunganisha waya, akavaa miwani, akaitazama skrini.

"Ee, petit," alisema. "Hii iko ya kujaribu. Mukifunga hii kintu..."

Niliona kichwa cha Rama kinageuka, polepole, kama kila kitu chake. Sikufikiri. Nilipanda juu ya debe mbele ya wateja wote. "Bantu ya soko! Huyu njo Docteur mwenye alifanyaka simu ya mama yangu opération. Mpaka leo iko mu coma!" Wakacheka. "Mukifunga..." alisema tena Docteur. "Na blouse hii, Docteur, mugonjwa alikuachia mbele ya kufa ama nyuma?" Mwanamke mmoja alilazimika kuweka beseni chini. Hata Rama alitabasamu. Docteur alivua miwani, akaifuta kwa ile blouse. "Sawa," alisema. "Mutarudia hapa." Nikafikiri nimemshinda na yeye pia. Mwaka ule nilimshinda kila mtu.

Bibi Zaina alifariki siku ya Jumanne asubuhi, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Nilipofika kutoka shule mikeka ilikuwa imetandikwa, cherehani kimenyamaza, wanaume wamekwisha kuondoka kwenda makaburini. Rama ndiye aliyenieleza baadaye yaliyotokea chumbani. Fundi Shabani aliingia akakuta skrini inawaka, mistari ya rangi imejipanga na sauti ya mama yake imo humo ndani, akasema hicho kitu kizimwe, nyumba ina maiti. Rama akatii. Alihifadhi, akasubiri programu imalize, akaifunga vizuri, akatoa ile karatasi ya USIFUNGE akaikunja. "Niliifunga kama macho yake," aliniambia. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya msiba. Nilisema, "Ulifanya vizuri." Hilo nililisema, na sijui ulimi wangu ulitengenezwa na nini.

Siku ya tatu, baada ya dua, uani kukiwa bado na wazee kwenye mikeka na mama wakigawa wali na nyama, Rama aliniita chumbani. Alitaka kumsikia Bibi. Kidogo tu, alisema, ule mwanzo. Akafungua kompyuta, akafungua programu nyeupe, akabonyeza jina la kazi yetu. Maandishi ya Kiingereza yakatoka katikati ya skrini, yakakaa hapo. Akabonyeza tena. Yakakaa tena. Akanigeukia mimi, mjuzi wa Kasumbalesa.

"Inasema nini?"

Nimeufikiria muda ule mara nyingi, nikiwa darasani, nikiwa chooni, nikiwa nimelala. Kulikuwa na nafasi. Rama siku zote alikuacha na nafasi baada ya swali, ungeweza kupitisha lori la kuelekea mpakani. Nami nilitia nini humo? Nilisema:

"Inasema pole kwa msiba."

Hakucheka. Alisubiri. Kisha akaweka kidole kwenye skrini. "Na hapa chini? Kuko maneno mingi."

"Hapo chini njo wametia sahihi," nikasema.

Aliifunga kompyuta, akaiweka kwapani, akatoka. Mimi nilitoka nikakaa kwenye mkeka, nikapewa sahani, nikaanza kula kwa sababu mikono ilitaka kazi. Nilikuwa kama katikati ya sahani aliporudi kutoka kwa Docteur. Viatu vilikuwa na tope jekundu mpaka kwenye kamba. Alisimama mbele yangu, mbele ya wazee wote wa familia yake.

"Ulijua," alisema. Haraka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitoa maneno haraka. "Tangu wakati gani?"

"Wiki ya kwanza."

Fundi Shabani hakuelewa habari ya programu, lakini alielewa uso wa mtoto wake. Aliinuka. "Weye, toka mu lupango yangu. Sasa hivi."

"Hapana, Baba," alisema Rama. "Iko chakula ya msiba. Hatufukuzake muntu ku chakula ya Bibi. Amalize." Kisha akachuchumaa mbele yangu, magoti yake karibu yaguse sahani, akaniambia, "Kula."

Nikala. Wali ulikuwa mwingi, nyama ilikuwa na mishipa. Kila nilipoinua kichwa nilimkuta ananitazama, na mama mwenye upawa amesimama bila kugawa. Nimepigwa na baba yangu, nimepigwa na prefet, mkuu wetu wa shule, nilipigwa na wavulana watatu wa Katuba kwa sababu ya dada yao. Hakuna kipigo kilichonifikia kama sahani ile. Nilipomaliza alinimiminia maji ya kunawa mikononi, kama mgeni. Akasema, "Sasa unaweza kwenda."

Ungedhani mtu anatoka hapo akiwa amebadilika. Mimi nilitoka nikiwa na hasira. Nilimchukia Rama kwa kunilisha, nilimchukia Docteur kwa kujua Kiingereza, nilimchukia yule kijana msafi wa kwenye video. Darasani Rama aliweka mfuko wake katikati ya benchi, ukuta wa vitabu, na nyuma ya ukuta huo nilipigana vita vya peke yangu mpaka mwezi wa sita. Nilimwiga zaidi kuliko zamani. Vijana walicheka, halafu wakacheka kidogo, halafu mmoja wa wale waamuzi wanne akaniambia, "Mechak, umuache tu, ule ana matanga." Siku moja nikipita sokoni Docteur aliniita. "Rafiki yako anakuyaka hapa kila siku nyuma ya masomo," alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye simu aliyokuwa anaipasua. "Programu yenu ilikataa kufungua kazi, lakini sauti zenyewe ilikuwa naziweka mu dossier ingine ya machine, bipande-bipande, kila moja na namba yake. Mia na kitu. Tulizikopi ku flash mbele dada yako arudie. Anazisikiliza moja moja. Hana haraka." Yaani Bibi alikuwepo siku zote, humo ndani, anapumua, na mimi sikuwa nimemtafuta hata kwa dakika tano. Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Mwambie bibi yake hakukuwaka na sauti." Docteur aliwasha chuma chake cha kuunganishia waya, akairudia simu yake. Likizo ilipofika fundi Shabani alihamisha atelier kwenda Bel-Air, Rama akabadili shule, na nikabaki na benchi zima.

Basi, harusi. Wimbo ulianza na pigo moja la mtwangio. Halafu kimya. Watu wakageuka kutazama kama spika zimekufa. Halafu pigo la pili, limechelewa kidogo, mahali pake hasa, na nilijua kabla ya la tatu. Hakunyoosha hata moja. Huwezi kuhesabu ngoma ile, mwili unaipata wenyewe au unaikosa. Besi ikaingia chini, kubwa, ya mashine kabisa, na juu yake Bibi Zaina akaanza ule wimbo wake unaopanda na kujificha. Kisha kila kitu kikakatika, na katika ule ukimya akasema kwa ukali, kwa ukumbi mzima wa Bel-Air, "Nyamaza kwanza!" Na ngoma ikarudi na watu wakawa wendawazimu. Mara ya pili waliyasema pamoja naye. Mara ya tatu mjomba wangu, shemasi, aliyasema akiwa juu ya kiti.

Nilikwenda mpaka kwenye meza. Kwenye skrini yake kulikuwa na ile programu ya kijivu, na vitufe vyake vya jiko.

"Ile maneno aliniambia miye," nilisema. Ilibidi nipige kelele.

"Njo."

"Na jina yangu? Alisema, we Mechak. Jina yangu iko wapi?"

"Nilikata."

"Kukata jina yangu!"

"Kukata jina ilikuwa nyepesi." Bado alikuwa anaongea polepole, akitazama mistari na si mimi. "Cheko yako njo ilinisumbua. Ulichekea yulu ya sauti yake, bikachanganyika. Nikitosha cheko, inatoka nayo kipande ya Bibi. Nikiacha Bibi, cheko inabakia. Wiki mbili." Akavua headphone, akanipa sikio moja, akarudisha wimbo nyuma kidogo. Na kweli, chini kabisa, nyuma ya mtwangio, ndogo kama panya kwenye dari, kulikuwa na mtoto wa miaka kumi na mitano anayecheka mzaha wake mwenyewe. "Sikukuweka," alisema Rama. "Ulikatala kutoka."

Nilikuwa na mzaha tayari. Ulihusu viatu vyake, vilikuwa vyeupe na virefu mbele, na ulikuwa mzaha mzuri, wa kuangusha meza nzima na shemasi juu yake; nilishafungua mdomo. Mzaha huo ninao mpaka sasa. Sitauandika.

"Pole kwa msiba," nilisema.

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike mezani. Akasubiri, kama kawaida yake, lori zima likapita.

"Na hapa chini, kumeandikwa nini?"

"Hakuna kintu. Ile tu."

Alichukua headphone yake kutoka mkononi mwangu, akaivaa, akageukia mashine zake. Nikadhani tumemaliza. Kisha akaonyesha chini kwa kidevu.

"Umekanyaga waya ya courant," alisema.

Nikaondoa mguu.